M ni Mbeya, S ni Sumbawanga

Kabla hamjaendelea kurushiana ile video ya sekunde 43 ya gari langu kwenye tope, naomba na mimi niongee. Aliyeirekodi ni rafiki yangu, mwenyewe anajijua, alikuwa kiti cha mbele ndani ya gari langu, anacheka huku anatafuna karanga zangu. Chini yake kaandika: "Jamaa kanunua matairi ya theluji, anakaa Uyole." Si uongo. Ila kuna mambo kayaruka.

Gari mnalijua, ile Hilux ya zamani ya kubebea viazi. Ilikuwa inavaa 205R16, matairi membamba, na kila nikiegesha kijiweni naambiwa gari limevaa ndala. Ndala! Miaka yote nashuka na magunia kutoka milimani, sijawahi kulala njiani, halafu watu ambao hata toroli hawana wananiambia ndala. Ikaniuma. Nikaenda kwa muuza matairi ya mtumba.

Akanitolea manne ya 265/70R16 pamoja na rimu zake, zile za kutokeza nje. Hiyo 205 na 265 ni upana kwa milimita, kwa hiyo kila tairi lilikuwa limenenepa sentimita sita. Niliona sifa. Ubavuni yameandikwa STUDLESS, yaani ya theluji yasiyo na misumari. "Bosi," akasema, "haya kwao Hokkaido, Japani, yanatembea juu ya barafu. Hako katope kenu ka Kikondo ni nini?" Chini kidogo nikaona M+S, nikamuuliza. Hakupepesa jicho: "M ni Mbeya, S ni Sumbawanga."

Tukacheka wote wawili. Lakini nawaambia ukweli, kuna pembe moja ya moyo wangu ilisema: inawezekana. Msinihukumu, Hilux ziko nyingi sana huku.

Kulikuwa pia na namba 3811. Akasema hiyo ya kiwanda, haituhusu. Nikatoa milioni moja na laki mbili, na yale ya zamani nikamwachia, maana "yatakujazia stoo tu, bosi wangu". Siku mbili nilikuwa mfalme wa Uyole. Kwenye kona kali tairi lilikuwa linasugua fenda, kwaruu. Nikaongeza sauti ya redio.

Jumamosi sasa. Mvua imepiga usiku kucha. Tumepita Isyonje, tukapandisha Kikondo, gari tupu, mkia mwepesi, tunafuata viazi. Mwanzo wa njia ya mashambani nilitakiwa nishuke nifunge habu za mbele ili fowili ishike, magurudumu yote manne yavute. Sikushuka. Mwenye matairi ya Hokkaido ashuke kwenye tope kufanya nini?

Tukafika kwenye mteremko. Hapa twende polepole, kwa sababu hata gari lilikwenda polepole.

Kwanza usukani ukawa mwepesi, kama nakoroga uji wa mgonjwa. Nikakata kulia. Kwaruu, tairi likafika kwenye fenda, likagoma hapo hapo. Gari halikwenda kulia. Halikwenda kushoto. Lilianza kwenda ubavu, kwa adabu kabisa, mkia umetangulia kidogo kukagua njia. Nikakanyaga breki. Magurudumu yakasimama, gari likaendelea. Nilikuwa sijui kwamba hayo ni mambo mawili tofauti.

Nikatoa kichwa dirishani nilione tairi. Sikuona tairi, niliona andazi. Vile vimichirizi vilivyochanwa kama kwa wembe, vya kung'ata barafu, vilikuwa vimejaa tope mpaka juu, duara zima linang'aa.

Nyuma yetu alikuwepo bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani. (Wewe uliyeandika "bibi anakimbia", angalia video vizuri. Bibi hakukimbia. Angekimbia ningejisikia nafuu.) Akatufikia. Akawa usawa wa dirisha langu, tunateremka sambamba, yeye kwa miguu, mimi kwa Hilux. Tukatazamana. Na mimi nimelelewa jamani, ningefanyaje?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnakwenda wapi upande upande?"

"Kikondo, bibi."

"Haya. Mtanikuta."

Akatupita. Hata mzigo haukutikisika.

Gari likaendelea kuwaza, likafika ukingoni, likakaa mtaroni taratibu kama mtu anayekaa kwenye kochi la ukweni. Mlango wangu ukagoma kufunguka. Kimya. Sauti iliyokuwepo ni karanga.

Mengine hayana maana. Alikuja mzee mmoja na Land Rover 109, imevaa 7.50-16, tena membamba kama ndala zangu. Kamba, dakika kumi, elfu thelathini. Wakati anafungua kamba akapapasa ubavu wa tairi, akaniuliza kama nimesoma ile 3811. Kumbe ni wiki ya 38 ya mwaka 2011. "Hili lingekuwa mtoto, lingekuwa sekondari." Tairi la theluji sifa yake ni mpira laini hata kwenye baridi, haya yamekauka kama soli. Na M na S ni "mud" na "snow", tope na theluji kwa Kiingereza, ila alama hiyo anayeibandika ni mtengenezaji mwenyewe. Tope la huku linataka meno yaliyoachana, ya kutema, na tairi jembamba linalozama mpaka likutane na udongo mgumu. Pana linaelea juu juu. Nilikuwa na maswali, lakini kwa mbali nilimwona yule bibi anarudi, nikawasha gari.

Jumatatu nikarudi kwa muuzaji. Manne yangu ya zamani yamepangwa mbele ya duka, yamepakwa rangi nyeusi yanameremeta kama viatu vya bwana harusi. Moja nalijua kwa kiraka, nilikiziba mwenyewe Mwanjelwa.

"Haya, bosi," akaniambia, "ndiyo matairi ya Kikondo. Membamba. Yanatafuta udongo mgumu."

Tulivutana bei nusu saa nzima, jua kichwani, nabembeleza matairi yangu mwenyewe. Kanipunguzia elfu kumi.