Huyo mtoto mmemkosesha bure

Mpwa wangu yuko kidato cha tano, na jioni anasoma tuisheni kwenye kituo kimoja hapa Mwanza mjini ambacho sitakitaja. Juzi kaja kwangu Kirumba na karatasi ya jaribio, hata shikamoo kaitoa nusu. "Mjomba, hebu soma namba saba."

Namba saba iliwataka watofautishe wanyama wawili wa baharini, yungiyungi wa bahari na nyota-manyoya. Mtoto kaandika kwamba yungiyungi wa bahari ana kikonyo, yaani kibua cha kujishikiza chini, nyota-manyoya hana. Hapo kapata. Kisha akaongeza kwamba nyota-manyoya naye akiwa mdogo huwa na kikonyo, kwa hiyo kikonyo peke yake hakitoshi kuwagawa kuwa koo mbili. Hapo kapigwa X nyekundu, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Pembeni kaandikiwa: "Acha kubuni."

Kubuni!

Basi tumtafute aliyeanza kubuni. Mwaka 1827 John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi aliyekuwa Cork, Ireland, alitangaza kwamba kapata yungiyungi mdogo wa bahari, tena hai. Ilikuwa habari kubwa, maana wenye vikonyo walifahamika zaidi kwenye mawe, wamegeuka visukuku. Akampa jina kabisa, Pentacrinus europaeus. Hakuishia hapo, akaendelea kumchunguza, na mwaka 1836 akaandika upya: huyu si mnyama wa peke yake, ni mtoto wa nyota-manyoya. Anaanza maisha amejishikiza kwa kikonyo, akikua anajikata na kwenda zake, kabaki na vikucha vya kung'ang'ania mwamba. Habari hiyo inakaribia miaka mia mbili, na kwenye mwongozo wa kusahihishia bado haijafika. Labda imekwama kwenye foleni ya kivuko.

Na si hayo tu. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Greg Rouse walichapisha ukoo wa wanyama hawa kwa kulinganisha DNA. Wakakuta baadhi ya wenye vikonyo wa leo wamo ndani kabisa ya ukoo wa nyota-manyoya. Yaani mababu waliacha kikonyo ukubwani, wajukuu wakakirudia, wanazeeka nacho. Sasa wewe chora mstari wako, wenye vikonyo huku, wasio navyo kule, uone utakavyowatenga ndugu wa damu na kuwaweka pamoja watu baki. Mpwa wangu aliyasema hayo kwa sentensi moja, akanyang'anywa alama.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haya yametokea Mwanza. Mtu wa Mwanza ndiye wa mwisho kudanganywa na umbo, maana tuna furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Mpasue furu anayekula konokono, angalia kooni: utakuta taya la pili, meno yake mapana na butu, ya kusagia magamba. Mpasue anayekwangua mwani maweni, meno ya mdomoni ni madogo madogo, yamepangwa safu kwa safu. Ungeapa hawajuani. Kumbe ni ndugu wa karibu mno, mamia ya spishi zilizochipuka humuhumu tangu ziwa lijae upya baada ya kukauka, kama miaka 15,000 hivi iliyopita. Halafu nenda Ziwa Nyasa na Tanganyika, utakuta wakwangua mwani wanaofanana utadhani pacha, na kila mmoja undugu wake wa karibu uko kwenye ziwa lake. Wataalamu wamekaa Ghuba ya Mwanza miaka na miaka wakiyasoma haya kwa furu wetu, wengi wa furu hao wakiwa tayari wanaishia tumboni mwa sangara. (Ya sangara nayaacha, nikianza sitamaliza.) Sisi tunamfundisha mtoto aliyezaliwa hapa kwamba mwenye kikonyo na asiye nacho ni koo mbili, basta.

Sawa, mwalimu ana lundo la karatasi na mwongozo mkononi, na mtihani wa taifa hautamsubiri amalize falsafa. Nakubali. Lakini kutoa alama ni jambo moja, kumwambia mtoto anabuni ni jambo jingine.

Na jamani, si mimea. Ni ndugu wa kiti cha pweza na jongoo bahari. Kinywa kinatazama juu, na tundu la haja liko jirani yake upande uleule. Mpwa wangu alicheka mpaka akapaliwa. Mikono huanzia mitano, kwa wengine inapita mia, na kila mkono una vijitawi kama unyoya. Kwenye vijitawi kuna vijimiguu laini vyenye ute. Chembe ya chakula ikiletwa na mkondo, kijimguu kinaipiga kofi na kuitia mferejini, vinyweleo vinaisafirisha mpaka kinywani. Wala wenye vikonyo si wa kukaa mahali pamoja tu: watafiti Tomasz Baumiller na Charles Messing walionyesha video ya mmoja karibu na Bahamas akijikokota sakafuni kwa mikono, kikonyo kinaburuzwa nyuma, mwendo wa kama mita 140 kwa saa.

Ziwani kwetu usimtafute. Kundi lao zima, pamoja na kiti cha pweza, halina hata spishi moja ya maji baridi. Miili yao haiwezi kujirekebishia chumvi, na mirija ya maji inayoendesha vijimiguu vyao imezoea maji ya bahari. Mwenye hamu apande basi hadi Dar, avuke kwenda Mafia au Unguja, azame usiku na tochi, maana wengi wao hujikunjua giza likiingia. Asiwashike tu, mikono yao hukatika upesi. Huota tena, ila taratibu.