M40 za kujitengenezea: jeshi ndo liliwaiga wawindaji

Ukimwambia mtu wa huku kwetu kwamba Marekani kuna watu wanakaa miaka wanajiundia bunduki ya mdunguaji wa jeshi, kichwani kwake inakuja picha ya gobore la porini, au jamaa kajifungia gereji anapanga mabaya. Wamarekani wasiopenda silaha nao wanawaza hivyohivyo. Mi naona hawa watu wa kopi, yaani wanaojiundia bunduki ifanane kabisa na ile ya jeshi, wanasomwa vibaya, ingawa wanaowaogopa nao wana hoja, na moja kati ya hizo hoja ni nzito kweli.

Chukua M40, bunduki ya kudungua ya Marine, kikosi kimojawapo cha jeshi la Marekani, maana ndo kipenzi chao. Vita vya Vietnam vinapamba moto, Marine hawana bunduki yao rasmi ya kudungua, wanaokoteza Winchester Model 70, ambayo ni bunduki ya kuwindia na ya mashindano ya shabaha, hata Carlos Hathcock, mdunguaji wa Marine ambaye hadithi zake zimezunguka dunia, alikuwa na hiyo. Mwaka 1966 ndo wakapitisha ya kwao, na walichochagua ni Remington 700, kitu ambacho mwinda kulungu alikuwa anakinunua dukani tangu 1962. Wakaipiga darubini ya Redfield ya kijani, wakaiita M40. Za mwanzo hazikufika hata 1,000. Sasa mtu akikwambia raia anaiga silaha ya jeshi, muulize nani alianza kumuiga mwenzake.

Na stori haikuishia hapo, maana kitako chake kilikuwa cha mbao, na ule unyevu wa Vietnam ukakivimbisha kikawa kinagusa mtutu, risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Miaka ya 1970 mafundi silaha wa Marine pale Quantico, Virginia, wakaanza kuunda M40A1, moja moja, kwa mikono. Mwili wa Remington, kitako cha faiba cha McMillan, kile chuma cha chini kwenye kifyatulio kimetolewa kwenye Winchester na kuchongwa kikae, baadaye juu ikaja darubini ya Unertl ya kukuza mara 10. Yaani hakuna kiwanda kilichotoa hiyo bunduki ikiwa nzima, ni spea za huku na kule zilizokutanishwa na fundi mwenye subira, na hicho ndo anachokitafuta huyu mzee wa kopi, anataka apite njia ileile aliyopita yule fundi, skrubu ileile, rangi ileile, na asipoipata anasubiri. Kampuni ya Unertl yenyewe ilishakufa zamani, darubini yao orijino unaweza kuilipia mara kadhaa ya bei ya Remington 700 yenyewe. Mhalifu gani ana muda na hela ya namna hiyo?

Tena kopi, hata za bunduki nyingine za zamani, wanacheza nazo hadharani. Camp Perry, Ohio, kuna shindano la bunduki za udunguaji za zamani, za enzi za vita vya pili vya dunia, wawili wawili, mmoja analenga mwenzake anamsomea upepo, yadi 300 halafu 600, na kopi zinaruhusiwa. Ukicheki wanaoshindana, wengi ni watu wazima wanaobishania namba za darubini.

Upande wa pili unaniambia sawa, lakini silaha ni silaha, na hao wanajiundia bila serikali kujua. Hapa ndo watu wanachanganya na zile bunduki zisizo na namba. Kwa sheria ya Marekani ule mwili wa katikati, unaobeba bolti, kile chuma cha kukokia, ndo bunduki, vingine vyote ni spea tu. Kwenye hizi M40 mwili huo kwa kawaida ni Remington yenye namba ya kiwandani, na ukiununua kwa muuzaji mwenye leseni unakaguliwa rekodi zako kwanza. Kuna mwanya, sikatai, majimbo mengi raia akimuuzia raia mwenzake hakuna ukaguzi, ila mwanya huo uko kwa bunduki zote, haukuletwa na watu wa kopi.

Afu kuna takwimu ambayo mi hua nairudia kila mjadala huu ukizuka. FBI mwaka 2019 walihesabu waliouawa kwa silaha za moto 10,258. Bastola 6,368. Raifo za aina zote, na nasema zote, hata AR-15, ile isiyohitaji kukokiwa kila risasi, humohumo, 364. Visu 1,476, mara nne ya raifo! Mtu makini atanikatiza kwamba vifo 3,281 aina ya bunduki haikuandikwa, na ni kweli, huwezi kujua humo raifo ziko ngapi. Lakini hata ukizizidisha mara tatu bado hujaikaribia bastola, na ndani ya hizo 364 bunduki ya kukoki kwa mkono kila risasi, yenye urefu wa zaidi ya mita moja, ni ya wangapi? Hata wale wadunguaji wa Washington wa 2002 walioua watu 10 walitumia Bushmaster ya kawaida, aina ya AR-15, kutoka kwenye buti la gari, na bunduki yenyewe ilitoweka dukani bila rekodi ya kuuzwa.

Ile hoja nzito sasa. Agosti 1, 1966, mwaka uleule wa M40, Charles Whitman, aliyewahi kuwa Marine, alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin akaanza kuua watu chini, na bunduki yake kuu ilikuwa Remington 700 yenye darubini. Hiyo, takwimu yangu haiwezi kuifuta. Matukio machache, ila likitokea moja mji mzima unalala chini.

Na lingine ni hili la kuabudu hesabu. Chuck Mawhinney, mdunguaji wa Marine, alihesabiwa ameua watu 103 Vietnam, bunduki yake ipo makumbusho ya Marine, na wapenzi wa kopi wanataja hiyo 103 kama magoli ya msimu, hutasikia hata mmoja anauliza hao 103 walikuwa nani. Hapo siwatetei. Kupenda kazi ya fundi ni kitu kimoja, kushangilia makaburi ni kingine, na wao wenyewe wangeweza kuvitenganisha wakitaka.

Kwa hiyo ukiniuliza nibane wapi, nitabana ule uuzaji wa mkono kwa mkono, na nitawabana wanaoichakaza kopi makusudi ili waiuze kama orijino. Soko la M1903A4, bunduki za kudungua za jeshi la Marekani za vita vya pili, limejaa hizo, na anayelizwa mara nyingi ni mpenzi mwenzao aliyeweka akiba miaka.