Klachi ya Mwalimu Mpole

Mjini Tanga ukisema tu unataka kujifunza gari, ukoo mzima unageuka kamati. Binamu yangu wa Mabawa alikuwa na mwalimu wake, jirani naye ana wake, na shangazi wa Makorora alikuwa ameshaniandikisha kwa wake kabla sijamaliza kusema.

Wa binamu nilimwona kwa macho yangu pale Tangamano, kijana wa kufoka, akimpigia kelele mama wa watu na ushungi wake: "Kata kona! Usukani huo, si mwiko!" Nikasema huyu atanipa presha. Wa jirani alikuwa na gari lisilo na pedali upande wa mwalimu. Gari la kufundishia huwa na breki ya pili kule kushoto anakokaa mwalimu, na mara nyingi klachi pia, ili mwanafunzi akipagawa mwenzake aokoe jahazi. Yeye alikuwa na hendibreki na dua. Akabaki wa shangazi.

"Mpole," shangazi akasema. "Hana neno na mtu. Na pedali anazo."

Mzee mwenyewe alikuwa mstaarabu kweli: kanzu imepigwa pasi, kofia ya kiua, makubazi mguuni. Bei yake haikuwa ya kuumiza. Kwa vigezo vinavyotajwa na watu wote, bei, adabu na pedali, mzee alishinda bila mpinzani.

Darasani sina la kumlaumu. Alinifafanulia kwamba kwenye kipilefti anayekuja kutoka kulia kwako ndiye wa kupishwa, kwamba ndani ya makazi mwendo mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kwamba mwenye leseni ya leana haendeshi peke yake hata kama anakwenda kununua chumvi tu. Hilo la leana likumbuke, nitalirudia.

Barabarani ndipo nilipogundua kwamba hizo kilomita 50 hazikutuhusu. Mwalimu alikuwa mtu wa salamu. Ngamiani barabara zina namba, na kila namba ina ndugu zake.

"Punguza mwanangu, huyo mkwe wangu. Shikamoo mzee!"

"Marahaba! Wazima huko?"

"Wazima, alhamdulillahi. Na mama na miguu yake?"

Gari linajikokota, mkwe anatembea kandokando kashika dirisha, ananieleza mimi habari za miguu ya mkewe maana niko karibu zaidi. Nyuma yetu bajaji inapiga honi. Baiskeli zinatupita kulia na kushoto, na Tanga si mji wa baiskeli chache, na kila mwenye baiskeli naye anasalimiwa kwa jina. Somo la gia ya tatu lilichelewa sana, kwa sababu gia ya tatu na salamu havikai pamoja.

Lakini klachi! Hapo nilikuwa natamba. Wenzangu walikuwa wanasimulia jinsi gari linavyowaruka na kuwazimikia katikati ya njia. Langu halikuzima hata siku moja. Pale kwenye reli, ukitoka mjini kuingia Ngamiani, tulikuwa tunasimama, tunatazama pande zote mbili, halafu naondoka gari limetulia kabisa, dereva wa mabosi atasubiri.

"Una mguu wa dereva wewe," mwalimu akaniambia. "Hufundishwi hilo, unazaliwa nalo."

Kuna kitu kimoja tu kilichokuwa kinanishangaza. Pedali ya klachi ilikuwa nyepesi ajabu. Wakati mwingine ilizama yenyewe kabla sijaigusa vizuri. Nikadhani ndivyo klachi zilivyo, zinamzoea mtu.

Sasa asubuhi moja mwalimu akaona pweza. Alikuwa kwenye beseni la muuza samaki, kando ya barabara, bado anang'aa. "Simama hapo mwanangu," akasema, akashuka, akaniacha na ufunguo. Nyuma yangu ukaja mkokoteni wa mkaa, vijana wawili wanatweta.

"Dada, sogeza bwana, tupite!"

Nikamtazama mwalimu. Nikamkumbusha kwa macho ile habari ya leana. Akanijibu kwa mkono, na mkononi alikuwa na pweza: "Sogeza tu, hatua mbili. Wewe unaweza!"

Mtaa mzima ukawa unanitazama. Nikawasha. Nikakanyaga klachi, nikaweka gia ya kwanza, nikagusa mafuta, nikaachia klachi kama nilivyokuwa naiachia siku zote, yaani nikaondoa tu mguu.

Gari liliruka. Halikwenda mbali, lilizima palepale, lakini zile hatua mbili lilizikata zote kwa mkupuo mmoja, na mwisho wa hatua ya pili kulikuwa na baiskeli ya madafu imeegeshwa. Ikalala chini taratibu, kwa heshima. Madafu yakatawanyika barabarani, watoto nyuma yake.

Mwenye madafu alikuwa pembeni na kikombe cha kahawa. Hakukimaliza.

"Ebo! Dada, nimekukosea nini mimi?"

Mwalimu akaja na pweza wake kwenye mfuko, akasalimia wote kwanza, kisha akatoa hukumu: mazima yarudishwe, yaliyopasuka yanunuliwe. Ilionekana ni haki. Ila dafu lina kumbi lake, halipasuki kwa kuanguka tu kutoka kwenye baiskeli, na bado kila aliyeokota siku ile alikuwa kaokota lililopasuka. Watoto, wale vijana wa mkaa, hata mzee mmoja aliyetoka ndani kuuliza kuna nini, wote wameshika madafu, wanangoja panga lipite. Nililipa mimi. Mchango wa mwalimu ulikuwa kunywa dafu moja ili mwenye mali asione tumemdharau.

Tulipoondoka, kwa mara ya kwanza nikatazama chini, upande wake. Kubazi la kushoto lilikuwa juu ya klachi. Likashuka, na pedali yangu ikashuka. Likapanda polepole, gari likaondoka kama bibi harusi.

"Mwalimu, mguu wako unafanya nini?"

"Unakusaidia."

"Tangu lini?"

Akatazama nje, labda kuna mkwe. Hapakuwa na mtu. "Klachi pleti ni ghali, mwanangu. Nikimwachia kila mwanafunzi aisage, mimi nitakula nini?"

Basi nikahamia kwa mama mmoja wa makamo. Kabla sijawasha aliweka miguu yake pembeni, karibu na mlango, akanionyesha. "Breki nitakanyaga ukitaka kuua mtu. Klachi ni yako." Gari lilizima mpaka nikaanza kuliomba msamaha. Kisha polepole nikakijua kile kituo cha katikati: sauti ya injini inashuka, gari linatetemeka kidogo chini ya kiti, pua inainuka, hapo mguu unaugandisha, mafuta yanakuja, ndipo unaachia kilichobaki. Siku ya mtihani nilimkalisha trafiki kushoto, miguu yake nikaitazama kuliko alama za barabarani. Akanipitisha.

Juzi nilimkuta mzee wangu anangoja bajaji juani. Nikamsimamishia Vitz ya shemeji, nikamwamkia, akapanda. Njia nzima mpaka Chumbageni alikuwa akitoa kichwa dirishani: "Huyu mwanafunzi wangu! Nimemfundisha mimi!" Kila nikikaribia kona, kubazi la kushoto linakandamiza zulia, kisha linaachia taratibu.

Tulipofika akanishika bega. "Sasa umeiva, mwanangu. Klachi umeiachia vizuri sana leo."

Vitz ile ni otomatiki.