Paa la Bayleaf kwa ndani

Makala yenu kuhusu Bayleaf imeeleza jinsi nyumba hiyo ya shamba ya karne ya 15 ilivyoondolewa Kent, Uingereza, kupisha bwawa la Bough Beech ikajengwa upya kwenye makumbusho ya Singleton, Sussex. Ila ukumbi wa kati mmeupita haraka mno, na uhondo wote uko hapo! Hauna dari wala dohani. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, moshi ukajipandia hadi paani. Nilipoinua macho niliona mbao nyeusi tii kwa masizi, nikasisimka. Na kama nyumba ilifunguka kipande kwa kipande ilipohamishwa, ni kwa sababu maseremala waliunga mbao za mwaloni kwa vigingi vya mbao. Wekeni basi picha ya paa kwa ndani.