Muhogo mchungu unasingiziwa

Kila watu wakidhurika na muhogo utasikia kauli ileile, wakulima waache mbegu chungu wapande muhogo mtamu basi yaishe. Mi naona tunamshika asiyehusika.

Hoja yao ina uzito, tusiipuuze. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi kweli, na ukiula wiki nenda wiki rudi haujaandaliwa vizuri, tena mboga yenyewe hamna, samaki hamna, maharage hamna, unaweza kupata konzo. Miguu inakaza ghafla na hairudi tena kama zamani, na wanaoumia zaidi ni watoto na akina mama. Nampula kule Msumbiji mwaka 1981 walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 1,000, na Tarime kwetu iliingia 1985. Anayetaka mbegu hiyo iondoke anamuwaza huyo mtoto.

Ila Nampula mwaka ule kulikuwa na ukame mkali! Watu walikuwa na njaa, nani angesubiri? Huku kusini mwetu pia njaa ikibana kuna njia ya mkato, muhogo unamenywa, unatwangwa mbichi, unaanikwa kidogo unaliwa. Mwaka wa neema hakuna anayefanya hivyo, unalowekwa mpaka ulainike au unavundikwa, ndio unaanikwa, na sumu nyingi inatoka.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya Bandundu, Kongo, watafiti waliiandika 1992. Akina mama kule walikuwa wanaloweka muhogo siku tatu hivi, ikaja barabara nzuri ya kwenda Kinshasa, wafanyabiashara wakaja na malori wanataka mzigo haraka, basi kuloweka kukapunguzwa mpaka siku moja ili gari lisiondoke tupu, na unga huohuo wa haraka ndio ukaliwa na nyumbani. Konzo ikaingia. Muhogo ni uleule, maji yaleyale, mikono ileile, kilichopungua ni siku mbili tu, halafu leo tunaambiwa kosa ni la mbegu?

Na wakulima wana sababu zao za kuung'ang'ania. Nguruwe pori na nyani wanausumbua kidogo kuliko mtamu, na mwizi hawezi kung'oa akatafuna palepale shambani. Wanawake wa kando ya Ziwa Nyasa upande wa Malawi waliwaeleza watafiti jambo hilohilo la wezi, na kwa mama anayelima peke yake hiyo ni akiba yake ya mwaka mzima iko ardhini. Mwambie apande mtamu, nani atamlindia usiku? Kule Amazon ulikotoka muhogo kabla Wareno hawajauleta Afrika, wenyeji mpaka leo wanaukuna, wanaukamua kwenye mfuko mrefu wa kusuka unaoitwa tipiti, na yale maji yenye sumu wanayachemsha sana wanapikia.

Ninapokubaliana na wanaoogopa ni dukani. Kasese, Uganda, Septemba 2017 watu 98 walidhurika na wawili wakafa, unga ukafuatiliwa mpaka kwa muuzaji mmoja wa jumla, ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kilo wakati kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni 10. Mnunuzi hawezi kujua kwa macho kama muhogo ulilowekwa au la, kwa hiyo ukaguzi uanzie kwa huyo wa jumla, sio kwenye shamba la bibi.

Na hata unga ukishasagwa bado kuna cha kufanya. Unauchanganya na maji, unautandaza mwembamba kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini, sianidi inaruka, ugali unapikwa siku hiyohiyo. Njia hii ilitoka kwa mtafiti Bradbury wa Australia, akina mama wa kijiji kimoja huko Popokabaka, Kongo, wakaifuata, na kwa muda wote waliofuatiliwa hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo. Mbegu zao hawakubadilisha.