Taa 11 za Campeche na Ushahidi wa Askari wa Anga

Tarehe 5 Machi 2004, ndege ya doria ya Jeshi la Anga la Mexico aina ya Merlin C-26A ilikuwa ikiwasaka wasafirishaji wa dawa za kulevya katika anga ya jimbo la Campeche, na kamera yake ya kunasa joto ikaonyesha taa moja, kisha kadhaa, hatimaye 11, zikienda sambamba na ndege nyuma ya mawingu. Askari walipochungulia dirishani hawakuona kitu. Mwezi Mei mwaka huohuo, kwa ridhaa ya wizara ya ulinzi, picha hizo zilionyeshwa hadharani, na ubishi ulioanza siku hiyo haujaisha.

Wanaosema kwamba kulikuwa na kitu kisicho cha kawaida wana hoja isiyofaa kubezwa. Walioshuhudia walikuwa kikosi kizima chenye kazi ya kutambua kinachoruka na kisichoruka, tena wakiwa na mtambo usiojua hofu wala njozi, na jeshi lililokubali kuyaweka hayo wazi lilikuwa na sababu nyingi za kunyamaza. Sisi tuliokulia Mikindani tunajua uzito wa neno la mzoefu: nahodha akisema mbele kuna mwamba, abiria hambishii.

Maelezo yaliyokuja baadaye, ambayo kwangu ndiyo yenye nguvu zaidi, yanasema kwamba zile taa zilikuwa miali ya gesi inayochomwa kwenye visima vya mafuta vya Cantarell, katika Ghuba ya Campeche. Ndege iliyo kwenye kimo cha takriban mita 3,500 ina upeo wa kilomita zaidi ya 200, na mwali mkali wa gesi hung'aa kwenye kamera ya joto hata pale ambapo jicho haliambulii kitu. Kwa kuwa kamera haikupima umbali, wanajeshi waliona ncha za joto tu, na mawingu ya karibu yaliyokuwa yakipita mbele yake yakazifanya zionekane kama zinakimbia.

Jambo hilo halihitaji ndege ya kijeshi kulielewa. Usiku mmoja wa giza, msimu wa dagaa, nilikuwa kwenye basi kutoka Lindi na mpwa wangu wa miaka saba, ambaye tulipofika kwenye barabara inayozunguka ghuba ya Mikindani alibandika paji la uso kwenye kioo na kuuliza, "Mjomba, mbona zile taa zinatufuata?" Zilikuwa taa za wavuvi, zimetulia baharini, lakini minazi ya kando ya barabara ilikuwa ikirudi nyuma kwa kasi, na kila mnazi uliopita ulizidi kuzisukuma taa zile mbele pamoja na basi letu. Mtoto hakudanganya, na macho yake hayakuwa na kasoro. Alichokosa ni umbali.

Watetezi wa kikosi kile hukumbusha kwamba rada nayo ilinasa kitu. Ni kweli, ila wachambuzi waliolinganisha mielekeo walisema kwamba kilichoonekana kwenye rada hakikuwa upande mmoja na taa za kamera, na waliweza kulinganisha kwa sababu tarakimu za mahali ndege ilipo na kamera inakoelekea zilikuwa zimeandikwa kwenye picha zenyewe.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuichukua Campeche na kuifanya ufunguo wa kila mlango. Miezi minane baadaye, tarehe 14 Novemba 2004, ndege mbili za kivita za Marekani zilizoruka kutoka meli ya kubebea ndege ya Nimitz zilielekezwa kwenye eneo la bahari kusini mwa California, kwa kuwa rada ya meli ya Princeton ilikuwa imeona vitu vya ajabu kwa siku kadhaa. Watu wanne, mchana kweupe, waliona kitu cheupe kirefu kisicho na mbawa juu ya maji yaliyovurugika. Rubani David Fravor alikikadiria kuwa na urefu wa mita 12 hivi, na mwaka 2023 alirudia ushahidi wake mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Hapa hakuna gesi inayoungua wala mawingu ya kupita mbele ya kamera. Wenye mashaka hujibu kwamba urefu wa kitu usichokijua hauwezi kuukadiria pasipo kujua kiko umbali gani, na hoja hiyo ni nzuri, lakini haitoshi kueleza jinsi watu wanne katika ndege mbili walivyoona kitu kinachogeuka na kutokomea.

Ripoti ya ofisi ya ujasusi ya Marekani ya Juni 2021 ilipitia taarifa 144, nyingi zikiwa za wanajeshi, na ikaweza kuieleza moja tu kwa uhakika: lilikuwa puto linaloishiwa hewa. Upande mmoja husoma hapo kwamba mafumbo ni 143, na mwingine kwamba data ilikuwa haba. Ripoti yenyewe ilikiri uhaba huo, nami naona hapo ndipo pa kuwabana wakubwa wa majeshi. Askari wa Mexico walipata jibu kwa sababu picha yao ilitolewa pamoja na tarakimu zake, na watu wasiovaa sare wakakaa na ramani wakapiga hesabu. Fravor na wenzake wamebaki na maneno yao na picha fupi iliyochukuliwa na kikosi kingine baadaye siku ileile, ilhali kumbukumbu za rada ya Princeton hazijawekwa mbele ya umma.