Lino, Kleto, Klementi: je, Roma ilikuwa na askofu mmoja tangu siku za Petro?

Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, huhesabiwa kuwa wa 267. Ukiirudisha hesabu hiyo nyuma, jina kwa jina, unafika hadi kwa Petro. Mkatoliki anayesali kwa Kiswahili huyasikia majina ya mwanzo kila padri anaposoma Sala ya Ekaristi ya Kwanza: Lino, Kleto, Klementi, Sisto. Kwenye midahalo ya dini orodha hiyo huwekwa mezani kama hati ya kiwanja: huyu alimwachia huyu, naye akamwachia yule. Upande wa pili hujibu kwamba majina hayo yalipangwa baadaye, na kwamba kwa karibu miaka mia baada ya Petro mji wa Roma haukuwa na askofu mmoja. Pande zote mbili zina ushahidi, na zote mbili huubebesha ushahidi wao mzigo usioweza kuubeba.

Orodha ya zamani kuliko zote tulizo nazo iliandikwa na Irenei, askofu wa Lyon, kwenye miaka ya 180. Anasema Petro na Paulo, walipokwisha kulianzisha na kulijenga Kanisa la Roma, walimkabidhi Lino huduma ya uaskofu. Baada yake wanafuata Anakleto, Klementi, Evaristo, Aleksanda, Sisto, Telesfori, Ijino, Pio, Aniseto, Sotero, na wa kumi na mbili ni Eleuterio, aliyekuwa akiliongoza Kanisa hilo wakati Irenei anaandika. Hesabu yake inafaa kutazamwa kwa makini. Petro hayumo ndani ya wale kumi na wawili. Yeye na Paulo wako juu ya orodha kama waanzilishi, na namba moja ni Lino. Irenei anamtaja Sisto waziwazi kuwa wa sita tangu mitume. Leo Sisto ni wa saba, kwa sababu Petro ameingizwa kwenye namba. Tofauti ya moja tu, lakini inaonyesha kwamba kwa mtu wa mwaka 180 mtume alikuwa kitu kimoja na askofu wa mji kitu kingine.

Wanaosema Irenei aliyabuni majina hayo wana kazi ngumu. Kabla yake, Hegesipo, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, alikuwa ameshafika Roma zamani za Aniseto, kati ya miaka ya 155 na 166 hivi, naye anasema aliandaa mfululizo wa viongozi hadi kwa Aniseto, ambaye shemasi wake alikuwa Eleuterio. Mzee wa miaka 70 aliyeishi Roma mwaka 160 alizaliwa mwaka 90, wakati Klementi yu hai. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaletea majina ya kubuni wakanyamaza. Irenei mwenyewe, akiwa kijana huko Smirna, alimsikiliza Polikarpo, askofu wa mji huo, yule yule aliyesafiri hadi Roma karibu na mwaka 155 kuzungumza na Aniseto juu ya tarehe ya Pasaka. Kwamba watu hao walikuwepo na walikuwa viongozi, hapo mimi sina shaka. Swali ni walikuwa viongozi wa namna gani.

Hapa ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Tuanze na Biblia iliyo mikononi mwa kila msomaji. Katika Matendo 20 Paulo anawaita wazee wa Kanisa la Efeso, kisha watu hao hao anawaambia kwamba Roho Mtakatifu amewaweka kuwa waangalizi. Neno la Kigiriki la mwangalizi, episkopos, ndilo lililozaa neno letu askofu. Waraka kwa Wafilipi nao unaanza kwa salamu kwa maaskofu na mashemasi, maaskofu wakiwa wengi katika mji mmoja. Kwa kizazi hicho mzee na askofu walikuwa mtu mmoja mwenye majina mawili.

Kisha unakuja waraka wa Roma kwa Wakorintho, wa karibu na mwaka 96, ambao Mapokeo yanauita wa Klementi. Ndani yake jina la Klementi halimo hata mara moja. Anayeandika ni "Kanisa la Mungu likaalo ugenini Roma", na wanaotetewa ni wazee wa Korintho waliofukuzwa kazini bila kosa. Ignasi, askofu wa Antiokia, akisafirishwa kwenda kuuawa Roma mwanzoni mwa karne ya pili, aliandika nyaraka saba. Kwa makanisa ya Asia, jimbo la Kirumi lililokuwa katika Uturuki ya leo, anasisitiza kila mara kwamba lisitendwe neno bila askofu, na anawataja kwa majina: Onesimo wa Efeso, Dama wa Magnesia, Polibio wa Trale. Kwa Roma hamtaji askofu yeyote.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ni wa Herma, mtu aliyewahi kuwa mtumwa na aliyeandika njozi zake mjini Roma penyewe. Katika njozi ya pili mama mzee anamwagiza aandike vitabu viwili, kimoja ampe Klementi na kingine ampe Grapte. Klementi atakipeleka kwa miji ya nje, "maana hiyo ndiyo kazi yake". Grapte atawafundisha wajane na yatima. Herma mwenyewe atakisoma mjini "pamoja na wazee wanaoliongoza Kanisa". Hayo si maneno ya mtu anayejenga hoja juu ya uaskofu, na kwa sababu hiyo yanaaminika zaidi. Anaeleza tu jinsi karatasi inavyozunguka mjini: nani anapeleka nje, nani anashughulikia wajane, nani wanaongoza. Kama Klementi huyo ndiye yule wa orodha, hapo anaonekana kama katibu wa mambo ya nje wa baraza la wazee. Kwingine Herma anawakemea viongozi wanaokalia viti vya mbele. Viti, kwa wingi.

Tena Wakristo wa Roma hawakuwa na jengo moja. Walikusanyika nyumbani kwa watu. Yustino, mwalimu Mkristo mjini humo, alipohojiwa na hakimu karibu na mwaka 165 aseme wanakutania wapi, alijibu kwamba anaishi juu ya bafu moja la mjini na kwamba hajui mahali pengine pa kukutania ila hapo. Mji mkubwa kuliko yote, jumuiya zilizotawanyika mitaani, wengine wahamiaji wanaosema Kigiriki, kila nyumba na mzee wake: katika hali hiyo mtu mmoja wa kuamua kwa niaba ya wote huchukua muda kupatikana.

Hata hivyo hoja ya ukimya ina shimo lake. Ignasi hamtaji askofu wa Roma, kweli, lakini wazee wa Roma pia hawataji, na hakuna anayesema Roma haikuwa na wazee. Alikuwa na ombi moja tu kwa Warumi: wasimzuie kufa. Hati ya Muratori, orodha ya zamani ya vitabu vya Agano Jipya, inasema Herma aliandika wakati ndugu yake Pio amekalia kiti cha Kanisa la Roma. Wataalamu wanabishana kama hati hiyo ni ya karne ya pili au ya nne. Na Irenei, akimwandikia Papa Vikta karibu na mwaka 190, anawataja Aniseto, Pio, Ijino, Telesfori na Sisto kuwa "wazee" waliotangulia kuliongoza Kanisa ambalo Vikta analiongoza sasa. Sentensi hiyo kila upande huikatia kipande chake: huyu anashika neno wazee, yule anashika kuliongoza. Ukiisoma nzima, inasema kwamba kati ya wazee alikuwapo mmoja anayesimama mbele, na kwamba bado aliitwa mzee.

Kwa maoni yangu hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda. Orodha inahifadhi majina ya waliosimama mbele ya baraza, na nafasi hiyo ikaja kuwa uaskofu wa mtu mmoja katikati ya karne ya pili, zamani za Pio na Aniseto. Sababu zake zinaonekana. Ya kwanza ni fedha. Yustino, akiandika kama mwaka 155, anaeleza kwamba sadaka ya Jumapili huwekwa kwa yule anayesimamia ibada, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Anayeshika mfuko wa maskini hushika na mengine. Mwaka 170 hivi Kanisa la Korintho linamshukuru Sotero kwa misaada, na linamshukuru yeye kwa jina. Sababu ya pili ni mafundisho. Marsioni, mwalimu aliyelikataa Agano la Kale, alipotengwa na Roma mwaka 144, walimrudishia mchango wake wote, sarafu 200,000 za Kirumi ziitwazo sesterti. Uamuzi wa namna hiyo haumalizwi na nyumba moja moja. Usipokuwa mmoja kwa mji mzima, aliyefukuzwa mtaa huu anahamia mtaa wa pili.

Orodha ilipoanza kutumika kuthibitisha mafundisho, watu wakaijazia mapengo, na hapo makosa yakaingia. Eusebi wa Kaisarea, mwanzoni mwa karne ya nne, anampa Lino miaka 12, Anakleto 12, Klementi 9. Namba zinazolingana hivyo zina harufu ya kugawanya. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Karthago, anasema Warumi wanashikilia kwamba Klementi aliwekwa na Petro mwenyewe, wakati Irenei anamweka wa tatu. Baadaye Epifani, askofu wa karne ya nne, akajaribu kuyapatanisha kwa kusema labda Klementi aliwekwa kweli, akakaa pembeni hadi wenzake wawili walipofariki. Kleto na Anakleto ni mtu mmoja. Jina la Kigiriki Anenkletos, "asiye na lawama", lilifupishwa likawa Kletos, "aliyeitwa", na orodha ya mwaka 354 ikawafanya watu wawili. Kosa hilo liliishi muda mrefu kiasi kwamba kalenda ilikuwa na sikukuu mbili, tarehe 26 Aprili na 13 Julai, hadi hiyo ya Julai ilipoondolewa mwaka 1960. Hali kadhalika ufiadini. Mapokeo ya baadaye yanawahesabu karibu mapapa wote wa mwanzo kuwa wafiadini, lakini Irenei, aliyekuwa karibu nao, katika orodha yake anamtaja mmoja tu aliyekufa hivyo kwa utukufu, Telesfori.

Mkatoliki hana sababu ya kutishika na haya. Imani yake ni kwamba huduma ya mitume ilipokezwa, na baraza la wazee lililowekwa na mitume linaweza kuipokea na kuipokeza pia. Wanahistoria wengi Wakatoliki wanakubali hivyo. Kinachoanguka ni ile picha ya Lino akiwa ameketi mwaka 70 na mamlaka ya Papa wa leo.

Anayeukataa upapa naye asikimbilie jibu la mkato linalosikika sana, kwamba Papa alianzishwa na Konstantino. Konstantino aliwapa Wakristo uhuru mwaka 313. Miaka 62 kabla, mwaka 251, Papa Kornelio alimwandikia Fabio wa Antiokia akimhesabia watu wa Kanisa lake: askofu mmoja, mapadri 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, akoliti (wasaidizi wa altareni) 42, wapunga pepo, wasomaji na mabawabu 52, na wajane na maskini zaidi ya 1,500 wanaolishwa. Hiyo ni taasisi kamili, na ilikuwa chini ya serikali inayoitesa. Na anayetumia ukimya wa Ignasi juu ya Roma lazima apokee pia kelele zake juu ya Asia: maaskofu wa mtu mmoja mmoja walikuwepo huko mapema katika karne ya pili.

Tarehe ya kwanza iliyo kamili katika historia ya mapapa ni 28 Septemba 235, siku Ponsyano alipojiuzulu akiwa uhamishoni Sardinia. Mrithi wake, Antero, alikufa Januari 236, akafuatwa na Fabiani, aliyeuawa tarehe 20 Januari 250. Makaburi ya mapapa wa wakati huo yaligunduliwa mwaka 1854 katika katakombe (makaburi ya chini ya ardhi) za Kalisto, kando ya Via Appia, vibao vyake vikiwa vipande vipande. Juu ya kile cha Fabiani yamechongwa kwa Kigiriki jina lake na kifupi cha neno askofu. Pembeni ziko herufi zilizofungamanishwa kumaanisha mfiadini, nazo zimechongwa kwa kina kidogo kuliko zile nyingine, kwa sababu ziliongezwa baadaye, kibao kikiwa tayari mahali pake.